Tafadhali, usiagize chupa mbili

Simu iliita saa nane usiku. "Shikamoo dokta. Mama wa kitanda cha sita, damu yake ni 7.6. Niandae chupa mbili za damu?"

(Hiyo 7.6 ni gramu za hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, katika kila desilita ya damu.) Nikamuuliza, mama mwenyewe anafanya nini? Kimya. Nikasikia viatu vikiburuzika sakafuni, kisha sauti ikarudi kwa kunong'ona: "Amelala, dokta. Anakoroma."

Anavuja damu popote? Hapana. Mapigo? 84. Presha nzuri, kifua hakibani, hahemi. Sasa chupa mbili za nini? "Damu imepungua, dokta."

Nimelijibu hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika ili siku nyingine nitume tu kiungo.

Nashuku nusu ya kosa limo kwenye maneno yetu wenyewe. Tukisema "upungufu wa damu", mtu anaona tangi lililoshuka hadi nusu, na tangi dawa yake ni kujaza. Kwa anayevuja, picha hiyo ni sahihi: ajali, mzazi anayetokwa damu baada ya kujifungua, kidonda cha tumbo kinachomwaga. Huyo ongeza damu, tena haraka, wala usinipigie kuomba ruhusa. Lakini ambaye upungufu umemwingia taratibu kwa miezi, mishipa yake haiko tupu. Mwili ulishafidia kwa maji. Ndoo imejaa hadi ukingoni. Kilichofifia ni rangi. Mmiminie chupa mbili bibi wa kilo 42 mwenye moyo uliochoka, halafu rudi baada ya saa chache. Utamkuta ameketi wima, anahema, mapafu yanachemka, na kwenye faili kuna mtu ameshaandika "nimonia". Uingereza, ambako madhara ya kuongezewa damu huhesabiwa kwa makini, kujaa huku kwa mishipa kupita kiasi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vinavyotokana na damu, kuliko hata virusi tunavyoviogopa sote.

Na hiyo 10 mnayoikimbilia, eti aliye chini yake lazima aongezewe damu? Mwaka 1942 madaktari wawili wa usingizi wa Marekani, Adams na Lundy, walishauri kwamba aliye chini ya gramu 8 hadi 10 ni vyema aongezewe damu kabla ya upasuaji. Ulikuwa uzoefu wao, si utafiti. Watu wakaisahau 8, wakaishika 10 kama msahafu kwa miongo kadhaa. Kisha Wakanada wakachukua wagonjwa mahututi 838, wengine wakaongezewa damu wakishuka chini ya 7, wengine chini ya 10. Matokeo yalitoka 1999: ndani ya siku 30 walikufa asilimia 18.7 kwa kundi la 7, na asilimia 23.3 kwa kundi la 10. Tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu, nakubali. Ila hakuna namna ya kuisoma ikakwambia 10 ni bora.

Sasa hizo mbili. (Chupa zenyewe zilishakufa, siku hizi ni mifuko, ila jina limegoma kuondoka.) Mazoea ya jozi yalitokana na usemi wa wakubwa wetu kwamba anayehitaji moja tu hahitaji kabisa. Ulikusudiwa kuzuia damu ya ovyo, ukaishia kuizidisha mara mbili! Chupa moja humpandisha mtu mzima asiyevuja gramu 1 hivi. Toa moja. Imalizike, subiri dakika 15, pima, mtazame mgonjwa. Anatembea hadi msalani bila kuhema? Basi, umemaliza. Hakuna dawa nyingine kali hivi tunayoitoa dozi mbili bila kuangalia ya kwanza imefanya nini.

Mengine haraka. Tafuta kwa nini amepungukiwa. Mara nyingi ni ukosefu wa madini ya chuma, na chuma kipo cha vidonge na cha mshipa. Upasuaji wa kupangwa? Pima damu wiki kadhaa kabla, siyo asubuhi ya kisu. Na acheni kuwafyonza wagonjwa mahututi: vichupa vinne vya mililita 5 kila alfajiri ni mililita 280 kwa wiki mbili, zaidi ya nusu ya anachotoa mchangiaji mmoja. Tunamtoa damu kupima kwa nini hana damu.

Mahali ninaposita ni kwenye moyo. Utafiti mkubwa wa 2023 kwa wagonjwa wa shambulio la moyo, zaidi ya 3,500, uliona vifo au mashambulio mapya kwa asilimia 16.9 kwa waliobaniwa damu na 14.5 kwa waliopewa zaidi. Kitakwimu haikutosha kutoa hukumu. Mimi nimeihukumu kimyakimya: mwenye shambulio la moyo simbanii. Kuna mzee mmoja niliyesema asubiri, damu ikiwa 7.4. Alfajiri kifua kikambana. Chupa moja, maumivu yakatulia. Labda ni damu, labda ni dawa za moyo tulizompa papo hapo. Tangu siku ile, kabla ya kusema "subiri", naomba kwanza ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Mama wa kitanda cha sita alianza chuma cha mshipa siku iliyofuata. Nilipopita raundi alikuwa na lalamiko moja tu: nani alikuwa anammulika tochi usoni saa nane usiku?