Msichana aliyekuwa akihesabu mabati

Siku ya chanjo kliniki yetu ya mama na mtoto hujaa hadi barazani. Watoto wanatundikwa kwenye mzani, kadi zinajazwa, sindano zinachomwa. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na siku hiyo naangalia zaidi nyuso za waliowabeba.

Mmoja alikuwa na miaka 16, mtoto wake wiki 10 (nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha). Mtoto alikuwa mnene, ana afya. Kila nilipouliza, bibi wa mtoto ndiye aliyejibu: "Hana shida, ni mtulivu tu." Msichana alikuwa akisokota pindo la kanga kidoleni, anasokotoa, anasokota tena. Nikamwomba bibi akatuchukulie dawa dirishani, kisha nikamuuliza binti usiku analalaje.

"Silali. Nahesabu mabati."

"Yako mangapi?"

"Kumi na nne. Mawili yana tundu."

Wengi wangemwona ana adabu. Mimi ukimya wa namna ile unanitisha. Mzazi mpya kulialia siku ya tatu au ya nne ni jambo la kawaida, na huisha lenyewe ndani ya wiki mbili. Ila likivuka hapo, usingizi ukakataa hata mtoto akiwa amelala, chakula kikawa hakina ladha na mama akajiona hafai, hiyo ni sonona, na sonona inatibika. Kwetu wasichana hawatamki neno hilo. Wanasema "nina mawazo", "kichwa kimejaa", au wanalalamika kifua kinabana.

Natumia dodoso la Edinburgh, maswali 10 yaliyochapishwa 1987 kwa ajili ya waliojifungua, yanayohusu siku saba zilizopita. Nayauliza kwa mdomo, taratibu, bila mtu mwingine chumbani. Swali la kumi linahusu kujidhuru. Wenzangu wengi hulikwepa wakihofia kumpandikizia wazo. Tafadhali, tusilikwepe. Kuuliza hakupandi wazo hilo, na mara nyingi ndiyo nafasi ya kwanza anayopata kulisema. Pia namuuliza kwa upole kama kuna anayempiga au anayemlazimisha, na mimba ilipatikanaje. Wapo ambao hawakuridhia. Hao nawasindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, na kila mmoja namwachia namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo haitozi hela.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba Tanzania wasichana 22 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Anapobeba mimba, msichana hupoteza mengi kwa mpigo: shule, marafiki, mara nyingi na yule kijana, halafu nyumbani anaambiwa "umejitakia". Neno hilo linaumiza kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo maana siwezi kumtibu yeye peke yake nikamwacha mama yake nje.

Bibi aliporudi na dawa nilimwomba kitu kimoja: achukue zamu ya usiku, kuanzia saa tatu hadi saa nane, binti alale mfululizo. Alishtuka. "Mimi nililea saba, hakuna aliyenishika." Nikamwambia, "Pole sana, mama. Ulistahili kushikwa." Alinyamaza kitambo, kisha akakubali.

Binti tulianza kuonana kila wiki, tukizungumza tu. Ingezidi ningempeleka kwa daktari, maana zipo dawa za sonona ambazo mama anaweza kuzitumia huku ananyonyesha. Na kama angeanza kusikia sauti au kusema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hiyo ni dharura ya siku ileile. Maombi yaendelee, lakini yaendelee njiani kwenda hospitali.

Wiki ya nne aliniuliza habari za shule. Nilimweleza kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatishwa masomo na ujauzito kurudi kwenye shule za kawaida. Hakuwa anajua. Aliuliza kama sare yake ya zamani itamtosha.

Chanjo ya surua ni mtoto akifika miezi tisa. Tarehe nimeiandika kwenye kadi, na pembeni kwa penseli nimeongeza "mama: usingizi", ili nesi atakayekuwa zamu amuulize.