Je, wajua kwa nini Kiingereza kina maneno mengi ya huzuni, na lipi litumike wapi?

Anayejifunza Kiingereza huanza na "sad", na neno hilo humtosha kwa muda mrefu. Shida huja siku anapotakiwa kuandika salamu za rambirambi, kumweleza daktari hali yake au kutafsiri habari ya msiba. Akifungua kamusi anakuta "grief", "sorrow", "misery", "gloom" na "melancholy", na mbele ya karibu yote pameandikwa "huzuni" basi. Ukiyabadilisha ovyo, msomaji wako atashtuka, au mbaya zaidi, atacheka.

Wingi huo una historia. Kiingereza ni cha jamii ya lugha za Kijerumani, na "sad", "sorrow" na "mourn" ni maneno yake ya tangu kale. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala kwa karne kadhaa, na kwa mlango huo yakaingia "grief" na "despair". Wasomi nao wakaendelea kuchota katika Kilatini na Kigiriki. Maneno ya zamani hayakutupwa. Yalibaki, yakagawana kazi na wageni.

"Sad" hapo mwanzo lilimaanisha aliyeshiba. Kutoka kushiba likahamia kwenye uzito na utulivu, hatimaye likatua kwenye huzuni. Leo linabeba kila kitu, kuanzia filamu iliyoisha vibaya hadi kifo, na kwa sababu hiyo halina nguvu. Ukimwandikia mfiwa kwamba uko "sad" tu, maneno yako yatasomeka mepesi. Tena kuna mtego: katika mazungumzo ya Waingereza, "a sad man" huweza kuwa dharau, yaani mtu wa kuhurumiwa, asiye na lolote la maana.

"Unhappy" na "upset" huwapoteza wengi. Meneja aliye "unhappy with the report" halii, hajaridhishwa na ripoti. Hicho kineno "with" ndicho kinachokuonyesha kwamba ni kutoridhika. "Upset" limetokana na kitenzi cha kupindua kitu, na kweli linamhusu mtu aliyevurugika: huzuni, hasira na mshtuko kwa pamoja, kwa kawaida kwa muda mfupi. Ukiambiwa "she is upset", bado hujui kama analia au anafoka. Angalia kinachofuata: "upset with me" ni kwamba amenikasirikia, "upset about the news" ni kwamba habari ndiyo iliyomuumiza.

Kwenye msiba ndiko uangalifu unakohitajika zaidi. "Grief" ni maumivu ya ndani ya kupoteza, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya uzito. Lazima pawe na kilichopotea: mtu, ndoa, au maisha uliyokuwa nayo. Safari iliyoahirishwa haileti "grief". "Mourning" ni maombolezo, yaani huzuni inayoonekana kwa mavazi, ibada na siku zilizotengwa, hivyo mtu anaweza kuomboleza hadharani bila kuwa na uchungu mkubwa moyoni, na kinyume chake. Hata sarufi yake ina tofauti: kwa kawaida mtu "mourns her father" moja kwa moja, lakini "grieves for her father".

Mfiwa ni "bereaved". Neno hilo limetokana na kitenzi cha kale cha kunyang'anya, kwa hiyo liko katika hali ya kutendwa, sawasawa na "kufiwa" kwetu. Ndugu yake "bereft" hana lazima ya kifo: mtu aweza kuwa "bereft of hope", ameishiwa matumaini kabisa.

"Sorrow" liko karibu na simanzi: ni la kina, hudumu, halina kelele, na lina harufu ya vitabuni. Linafanana na "sorry", lakini hayo mawili hayana nasaba. "Sorry" limetoka kwenye neno la kidonda na maumivu. Ndiyo maana "I'm sorry for your loss" ni pole ya msiba, wala si kukiri kosa. Ila usifike mbali ukatafsiri "pole na kazi" kwa "sorry", maana msikilizaji atajiuliza umemkosea nini.

"Melancholy" lina asili ya kitabibu. Matabibu wa Kigiriki waliamini mwili una majimaji manne, na nyongo nyeusi ikizidi mtu huzama katika huzuni. Jina hilo maana yake ni nyongo nyeusi hasa. Siku hizi ni huzuni tulivu isiyo na sababu ya kunyooshea kidole, wakati mwingine hata tamu, kama ile inayoletwa na muziki wa taratibu. Kwa mfiwa halifai kabisa.

"Depressed" watu hulitumia hata timu yao ikifungwa, lakini kwa daktari ni jina la ugonjwa. Yeye atauliza kama hali imedumu angalau wiki mbili, karibu kila siku, na kama umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, kisha atagusia usingizi, hamu ya kula na nguvu. Kama ni siku mbaya tu, sema "I feel low" au "a bit down".

Juu kabisa ya ngazi ya huzuni yapo "heartbroken", aliyepondeka moyo, na "devastated", aliyevunjwavunjwa na huzuni. Hili la mwisho tayari limefika kileleni, hivyo "very devastated" hukwaruza masikio ya wenyewe. Wao husema "absolutely devastated", au huliacha peke yake.