Kuongeza Programu ya Nafasi za Mashua kwenye Seva ya Duka la Mtandaoni

Hapa Lamu, anayeuza kofia, vikoi na masanduku ya kuchonga mtandaoni huulizwa na wateja wake kama anaweza pia kuwakatia nafasi ya mashua. Wenye maduka wakiniletea ombi hilo, jibu langu huwa moja: programu ya safari ikae kwenye seva ileile, chini ya jina lilelile la tovuti, lakini isitiwe ndani ya programu ya duka.

Sababu imo katika bidhaa yenyewe. Kofia isiyouzwa leo itauzwa kesho, ilhali kiti cha mashua kisichopata mtu hupotea chombo king'oapo nanga. Tena saa ya kuondoka haimtegemei nahodha peke yake, kwani wanaokwenda Pate kwa kupitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, hungoja maji yajae, na kujaa huko husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Jedwali la bidhaa lenye safu ya idadi iliyobaki haliwezi kubeba mambo hayo bila kupindwa.

Duka likiwa limeandikwa kwa PHP nyuma ya Nginx, yaani programu inayopokea maombi ya wavuti, huanza kwa kuifungulia programu mpya akaunti yake ya mfumo, folda yake na kundi lake la michakato katika PHP-FPM, programu inayoendesha michakato ya PHP. Kundi hilo huliwekea kikomo kwa pm.max_children, yaani idadi ya juu ya michakato, ili wingi wa watu wanaotafuta nafasi siku za Maulidi usimalize kumbukumbu ya seva na kulikwamisha duka. Hifadhidata nayo iwe yake. Ikilazimu kusoma kitu cha duka, mtumiaji wake wa hifadhidata ya MySQL apewe ruhusa ya SELECT, yaani ya kusoma, kwenye jedwali linalohusika tu.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye kuki, yaani taarifa ndogo ambayo tovuti huihifadhi katika kivinjari cha mteja ili imtambue katika kipindi cha ziara yake. PHP, isipoelekezwa vingine, huita kuki ya kipindi PHPSESSID na kuipa njia ya "/", kwa hiyo programu mbili zilizo chini ya anwani moja hugombania kuki moja. Zikitumia pia hifadhi moja ya vipindi, namba ya mteja iliyoandikwa na duka inaweza kusomwa na programu ya safari kana kwamba ni yake, na mtu akajikuta ndani ya akaunti ya mwingine. Hifadhi zikitenganishwa huku session.use_strict_mode, inayokataa namba za kipindi zisizojulikana, ikiwa imewashwa, kila programu huikataa kuki ya mwenzake na kutoa mpya, na mteja aliyejaza kikapu hukikuta kitupu akirudi kutoka kutazama ratiba. Ndiyo maana naipa programu ya safari session.name yake, yaani jina la kuki, session.cookie_path ya /safari, yaani njia ya programu hiyo kwenye tovuti, na folda ya vipindi ambayo akaunti ya duka haiwezi kuifungua.

Malipo ya M-Pesa yanataka utenganisho uo huo. Ombi la malipo linalopelekwa kwenye simu ya mteja kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hubeba CallBackURL yake, yaani anwani ya kupelekewa taarifa ya matokeo ya malipo, hivyo hakuna haja ya taarifa za safari kupitia dukani. Taarifa hiyo hutoka seva kwenda seva bila kuki ya mteja, kwa hiyo kinachoiunganisha na nafasi iliyoshikwa ni CheckoutRequestID, namba ya utambulisho wa ombi la malipo, ambayo ni lazima ihifadhiwe mara ombi linapokubaliwa. ResultCode, yaani namba ya matokeo, ikiwa 0, na kiasi kikalingana na nauli, nafasi huthibitishwa; ikiwa 1032, yaani mteja ameghairi, huachiliwa mara moja. Taarifa isipofika, programu iulize yenyewe hali ya malipo kabla ya kukigawa kiti kwa mwingine, na ikifika mara mbili isihesabu malipo mawili. Sikubali mapatano katika jambo hili, kwani abiria aliyelipa akakosa nafasi gatini hawezi kutulizwa kwa kurudishiwa pesa tu.

Cheti cha usalama hakihitaji kazi mpya, kwa kuwa jina la tovuti halibadiliki. Maelekezo ya /safari huyaweka katika faili lake, lililoitwa kwa mstari mmoja ndani ya mipangilio ya duka, kisha huyakagua kwa amri ya nginx -t kabla ya kuipakia Nginx upya. Halafu kwa kivinjari kimoja naweka kofia kikapuni, nakata nafasi ya mashua, narudi dukani na kulipia vyote viwili. Kikapu kikipotea au malipo yakienda kusikohusika, mstari ule mmoja huondolewa, na duka huendelea kuuza wakati hitilafu inatafutwa.