Trifala Hufanya Kazi Baada ya Muda Gani? Dhana Potofu na Ukweli

Anayenunua trifala, dawa ya tumbo ya mitishamba kutoka India, kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja kabla hata ya kuuliza kipimo: matokeo yataonekana lini? Majibu anayopewa hupingana, kwani mmoja humwambia asubuhi ya kesho na mwingine humwambia avumilie miezi mitatu, na wote wawili huzungumza kana kwamba dawa hii ina kazi moja tu tumboni. Ugomvi huo hautaisha mpaka iulizwe kwanza dawa inatakiwa ifanye nini, kwa sababu kulainisha choo na kurekebisha mwenendo wa tumbo ni mambo mawili tofauti na kila moja lina muda wake.

Trifala ni unga wa matunda matatu ya India, yaani amla, haritaki na bibhitaki, ambayo hukaushwa, huondolewa kokwa, husagwa na kwa kawaida huchanganywa kwa uzito sawa. Unga wake una rangi ya kahawia iliyofifia, na ukikorogwa katika maji ya vuguvugu hauyeyuki wote bali hutuama chini ya glasi, huku ladha yake ya ukakasi ikikausha ulimi kama ndizi mbichi. Ukakasi huo hutokana na tanini, ambazo zimo kwa wingi katika matunda yote matatu.

Wengi huamini kwamba dawa ya mitishamba, kwa kuwa ni ya mitishamba, lazima ichelewe. Kwa upande wa choo hilo si kweli. Mtu mzima anayemeza gramu 3 hadi 6 za unga huu usiku kabla ya kulala mara nyingi huenda chooni asubuhi inayofuata, ingawa wapo wanaosubiri hadi siku ya pili au ya tatu. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaoijua sanamaki hawatashangazwa na jambo hili, kwani nayo hunywewa usiku na kufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, muda ambao viambata vyake huhitaji ili vifike katika utumbo mpana na kuvunjwa na bakteria wanaoishi humo. Trifala ni pole kuliko sanamaki, lakini zote mbili zinaonyesha kwamba jani au tunda linaweza kuwa dawa ya kuendesha iliyo kamili.

Kutokana na wepesi huo huzaliwa kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo baya zaidi: kudhani kwamba choo cha asubuhi ya kwanza ni ushahidi wa tumbo lililopona. Chakula huchukua takriban siku moja hadi tatu kutoka mdomoni hadi kutoka mwilini, na sehemu kubwa ya muda huo hupita katika utumbo mpana. Kilichotoka asubuhi ni mabaki yaliyokuwa tayari yamefika huko, na kama chanzo cha choo kigumu ni maji machache, ugali bila mboga za kutosha au kukaa kitako kutwa nzima, chanzo hicho bado kipo palepale. Anayetaka kujua kama mwenendo wa tumbo lake umebadilika hana budi kuutazama kwa wiki mbili hadi nne, akilinganisha na hali yake ya awali. Alinganishe na hali yake mwenyewe na si ya jirani, kwa kuwa kwenda chooni mara tatu kwa siku na kwenda mara tatu kwa wiki yote huhesabiwa kuwa ni hali ya kawaida.

Ajabu ni kwamba wanaotangaza idadi moja ya siku kwa watu wote hudai kuisemea Ayurveda, elimu ya tiba ya jadi ya India, ilhali Ayurveda yenyewe haisemi hivyo. Elimu hiyo hugawa watu kwa kile inachokiita koshtha, yaani tabia ya tumbo la mtu. Mwenye tumbo laini huendeshwa hata na maziwa au juisi ya miwa, na mwenye tumbo gumu hatikisiki kwa urahisi. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha fani hii, kinapoeleza unywaji wa samli wa kulitayarisha tumbo kabla ya kuendeshwa kinasema kwamba mwenye tumbo laini hutosheka kwa usiku tatu na mwenye tumbo gumu huhitaji saba. Mganga aliyesoma vitabu hivyo angemuuliza mgonjwa maswali mengi kabla ya kumtajia siku yoyote.

Kisha kuna imani kwamba tumbo likisokota na mtu akaharisha katika siku za mwanzo, hizo ni sumu zinazotoka, na kwamba kuzidisha kipimo kutazitoa upesi zaidi. Kinachotoka ni maji na chumvichumvi za mwili, ikiwemo potasiamu ambayo moyo na misuli huihitaji. Kazi ya kuondoa taka katika damu hufanywa na ini na figo, na hazisaidiwi kwa kuharisha. Kuharisha ni dalili kwamba kipimo kimezidi, na tiba yake ni kukipunguza au kuacha. Kuhusu trifala ya vidonge na ile ya unga, tofauti ya muda ni ndogo mno kuweza kuwa hoja ya kumpandishia mtu bei.

Pia trifala hudhaniwa kuwa sawa na isabgoli, ganda la mbegu linalovuma katika masoko ya Gujarat huko India, na mtu akaona moja imechelewa kuliko nyingine. Isabgoli haichokozi utumbo. Hufyonza maji na kuvimba hadi kuwa kama uji mzito, hivyo huhitaji saa 12 hadi 72 na maji mengi, na anayeimeza kikavu anaweza kukabwa nayo kooni.

Wanaosema kwamba dawa ya asili hainywewi kwa hofu wanapaswa kujua yaliyopatikana Marekani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika maduka ya eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 uchunguzi wa bidhaa 193 zilizouzwa kwa njia ya intaneti ulipata takriban moja kati ya tano zikiwa na metali hizo. Hilo halimaanishi kwamba kila kopo la trifala lina sumu, ila kwamba kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala namba ya toleo halifai kunywewa kwa miezi.

Wajawazito waiepuke, na wanaotumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda wamuulize daktari kwanza. Anayemeza vidonge vya madini ya chuma aviachanishe na unga huu kwa saa kadhaa, kwani tanini huyashika madini hayo yasifyonzwe. Na wiki nne zikipita bila nafuu, au kukionekana damu katika choo, uzito ukapungua bila sababu, au choo kikabadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50, kinachohitajika ni vipimo vya hospitali, si kopo la pili.