Je, wajua kwa nini aliyeungua anahitaji maji, si dawa ya meno?

Juni na Julai, baridi ya Mbeya, Njombe na Makete huwakusanya watu wote jikoni. Watoto wanaota moto kando ya jiko la mkaa, sufuria ya uji inachemka hapohapo, na ajali hutokea kufumba na kufumbua. Mtoto akiungua, wengi wetu hukimbilia dawa ya meno, mafuta ya kula, ute wa yai au unga.

Dawa ya meno inapendwa kwa sababu mtoto hunyamaza kidogo. Nyingi zina mentoli, kemikali ya mnanaa inayoamsha neva zinazohisi baridi, hivyo mtoto anahisi ubaridi wakati joto lenyewe halijapungua. Hapo ndipo penye hatari. Uji ukishafutwa, joto lililokwisha kuingia kwenye ngozi huendelea kuunguza nyama ya ndani. Ukipaka kitu kizito juu yake unalifungia humo, na mhudumu wa zahanati atalazimika kukisafisha kidonda kibichi ndipo aone kimefika wapi. Maumivu hayo mtoto angeweza kuepushwa kabisa.

Maji yanayotiririka hulichukua joto na kuondoka nalo. Mwagilia palipoungua kwa dakika 20. Ni ndefu sana mtoto akiwa analia, lakini vumilia. Bomba likiwa halitoi, chota maji safi kwenye ndoo umimine taratibu kwa kikombe. Hata ukichelewa, ndani ya saa 3 bado yanasaidia. Vua mapema nguo iliyolowa, nepi na bangili kabla hapajavimba; nguo iliyoganda kwenye ngozi iache. Barafu usitumie, huumiza ngozi zaidi.

Kwa huku nyanda za juu kuna jambo la kuzingatia sana: maji ya asubuhi ni baridi kweli, na mtoto mdogo hupoteza joto la mwili upesi. Poza palipoungua tu, kwingine mfunike blanketi. Akianza kutetemeka, sitisha.

Kisha funika kwa kitambaa safi. Usitumbue malengelenge, wala usifungue kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake. Hizo ni za kumeza, tena kwa maelekezo ya daktari. Kwa maumivu, parasetamo hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, zipite angalau saa 4 kati ya dozi na dozi, zisizidi dozi 4 kwa siku.

Nenda hospitali iwapo pameungua uso, mikono, nyayo, viungio au sehemu za siri, au eneo lililozidi kiganja cha mtoto mwenyewe. Ulizia na chanjo ya pepopunda. Ngozi ikigeuka nyeupe na haiumi, usidhani ni nafuu: neva zenyewe zimeungua, na huyo awahishwe kabla ya wote.