Hatari linganishi na hatari halisi: asilimia moja, maana mbili

Matokeo ya utafiti wa tiba mara nyingi humfikia msomaji yakiwa asilimia moja iliyosimama peke yake. Dawa imepunguza vifo kwa asilimia 50. Kidonge kimeongeza hatari ya damu kuganda mara mbili. Hesabu yenyewe huenda ni sahihi kabisa, ila imekatwa kiungo: asilimia 50 ya nini? Bila jibu la swali hilo, mgonjwa hawezi kujua kama anaelezwa jambo kubwa au dogo, na wala daktari wake hawezi.

Chukua ugonjwa unaoua watu 20 kati ya 100 wasipotibiwa, na dawa inayofanya wafe 10 tu. Vifo vimepungua kwa nusu, na hiyo nusu ndiyo upungufu linganishi: asilimia 50. Ukitoa 10 kwenye 20 unapata upungufu halisi, yaani pointi 10 za asilimia. Sasa chukua ugonjwa mwingine unaoua watu 2 kati ya 1,000, na dawa inayofanya afe 1. Upungufu linganishi ni uleule, asilimia 50. Upungufu halisi ni pointi 0.1 tu. Tangazo la dawa zote mbili linaweza kuandikwa kwa maneno yaleyale, neno kwa neno, ilhali faida ya kwanza ni kubwa mara 100 kuliko ya pili.

Kinachozitenganisha ni hatari ya msingi: uwezekano wa mtu kupatwa na tukio kama hakuna kilichofanyika. Upungufu linganishi huificha, upungufu halisi huibeba ndani yake.

Kutoka hapo kuna hatua moja hadi kipimo ambacho Laupacis, Sackett na Roberts walikipendekeza mwaka 1988 na ambacho sasa hujulikana duniani kote kwa herufi NNT: idadi ya wagonjwa wa kutibiwa ili mmoja zaidi anufaike. Gawanya 100 kwa upungufu halisi ulioandikwa kwa pointi za asilimia. Kwa dawa ya kwanza, 100 kwa 10 ni 10. Kwa ya pili, 100 kwa 0.1 ni 1,000. Ukipata desimali, panda hadi namba nzima inayofuata, ili usiipe dawa sifa isiyoistahili.

NNT ya 10 husomwa vibaya kila mara. Haina maana kwamba dawa "ilimkubali" mmoja na kuwakataa tisa. Kwa mfano wetu, kati ya watu 10 waliotibiwa, 8 wangepona hata bila dawa, 1 atakufa hata akiitumia, na 1 ameokolewa nayo. Huyo mmoja hajulikani kwa jina, si kabla ya tiba wala baada yake. Ndiyo sababu wote 10 hupewa.

Dawa moja, wagonjwa watatu tofauti

Mfano ninaouona bora kuliko yote ni jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililotoa matokeo ya deksamethasoni kwa wagonjwa wa COVID-19 waliolazwa mwaka 2020. Wagonjwa 2,104 walipangiwa dawa hiyo kwa kura, miligramu 6 mara moja kwa siku hadi siku 10, na 4,321 wakapata huduma ya kawaida. Kwa jumla, ndani ya siku 28 walikufa asilimia 22.9 upande wa dawa na 25.7 upande wa pili. Tofauti ya pointi 2.8, NNT ya 36.

Wastani huo, hata hivyo, haumwelezi mgonjwa yeyote hasa. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia walikufa asilimia 29.3 dhidi ya 41.4: pointi 12.1, NNT ya 9. Waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, 23.3 dhidi ya 26.2: pointi 2.9, NNT ya 35. Na wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa walikufa asilimia 17.8 wakiwa kwenye dawa dhidi ya 14.0 bila dawa. Tofauti hiyo ya mwisho haikuthibitika kitakwimu, yaani huenda ilitokana na bahati tu, lakini hakuna dalili yoyote ya faida ndani yake, na inaelekea upande wa madhara. Aliyebeba "deksamethasoni hupunguza vifo vya COVID-19" bila kuuliza ni vya nani, akawapa vidonge watu wanaokohoa nyumbani, alikuwa anatumia ushahidi wa mgonjwa mwingine.

Ukigawanya mwenyewe 29.3 kwa 41.4 utapata upungufu linganishi wa asilimia 29, ilhali ripoti ya watafiti inaonyesha 36. Hakuna aliyekosea. Wao walisawazisha umri, kwa sababu kwenye kundi la mashine waliopangiwa dawa walikuwa wakubwa kiasi kuliko wenzao. Unapohesabu kutoka kwenye jedwali, tegemea tofauti ndogo za aina hiyo, na ukiona kubwa mno tafuta maelezo ya marekebisho kwenye sehemu ya mbinu.

Hatari ya msingi huonekana wazi pia kwenye malaria kali. Atesuneti ya sindano ililinganishwa na kwinini mara mbili katika majaribio makubwa. Kusini-mashariki mwa Asia, wengi wao wakiwa watu wazima, matokeo yalitoka 2005: walikufa 107 kati ya 730 kwa atesuneti na 164 kati ya 731 kwa kwinini, NNT ya 13. Kwa watoto wa Afrika, mwaka 2010, walikufa 230 kati ya 2,712 na 297 kati ya 2,713, NNT ya 41. Atesuneti ilishinda kote kuwili. Upungufu linganishi ulikuwa asilimia 35 na asilimia 23 hivi, usiotofautiana sana, lakini NNT imepanda zaidi ya mara tatu, kwa sehemu kubwa kwa sababu vifo vya upande wa kwinini vilikuwa asilimia 22 kule na 11 huku. NNT haihami kutoka kundi moja hadi jingine. Ukitaka kuipeleka kwa wagonjwa wako, chukua upungufu linganishi wa jaribio, uzidishe kwa hatari ya msingi ya wagonjwa wako, ndipo ugawe 100 kwa jibu.

NNT bila muda haina maana

Jaribio la chanjo ya Pfizer na BioNTech lilihesabu wagonjwa 8 wa COVID-19 upande wa chanjo na 162 upande wa plasebo (sindano isiyo na chanjo ndani yake), kila upande ukiwa na watu takriban 18,000 katika uchambuzi huo. Ufanisi wa asilimia 95 ni upungufu linganishi. Upungufu halisi ulikuwa pointi 0.84, NNT ya takriban 119. Wapo walioikamata 0.84 wakatangaza kwamba chanjo haifanyi kazi. Hili ni kosa lilelile la kusoma asilimia moja peke yake, ila kwa kugeuzwa. Muda wa ufuatiliaji ulikuwa miezi miwili hivi tu, na katika miezi miwili watu wengi hawaambukizwi hata kama hawana kinga. Upungufu halisi hukua kadiri muda wa hatari unavyorefuka na maambukizi yanavyozidi. Kwa hiyo NNT iandikwe daima na muda wake: "119 kwa miezi miwili", si "119". Na usilinganishe NNT ya miezi miwili na ya miaka mitano ukadhani umelinganisha dawa.

Kwa upande wa madhara, asilimia iliyosimama peke yake huweza kuumiza watu moja kwa moja. Oktoba 1995, Uingereza ilitoa tahadhari kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Ongezeko la asilimia 100. Kwa hesabu halisi, lilikuwa kutoka mwanamke 1 hivi kati ya 7,000 hadi 2. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mimba zisizotarajiwa na utoaji mimba vikaongezeka. Mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Kipimo cha madhara hutengenezwa kwa njia ileile, kikiitwa NNH: ni wangapi watibiwe ili mmoja zaidi adhurike. Jaribio la SPRINT la Marekani, 2015, liliwagawa watu 9,361 wenye shinikizo la juu la damu, wa umri wa miaka 50 na kuendelea, wasio na kisukari na ambao hawajawahi kupata kiharusi. Nusu walitibiwa hadi namba ya juu ishuke chini ya 120, nusu chini ya 140. Katika miaka 3.26, mshtuko wa moyo, tatizo jingine la ghafla la mishipa ya moyo, kiharusi, moyo kushindwa kazi au kifo cha moyo na mishipa viliwapata asilimia 5.2 dhidi ya 6.8. Vyombo vya habari viliandika asilimia 25, nayo ni kweli. NNT ni takriban 62. Kwenye jedwali la madhara, figo kudhurika ghafla kwa kiwango kikubwa kuliwapata asilimia 4.1 dhidi ya 2.5. NNH nayo ni takriban 62.

Namba mbili zinazofanana hazina uzito mmoja. Kiharusi mara nyingi hubaki na mtu maisha yake yote, ilhali wengi wa waliopata tatizo la figo katika jaribio hilo walirejea hali yao. Kipimo hakikuamulii jambo hilo. Hukuwekea faida na madhara kwenye mizani moja ili wewe na mgonjwa mpime.

Mahali hesabu inapoharibika

Kosa la kwanza ni kusahau wigo wa uhakika, yaani eneo ambamo thamani ya kweli inatarajiwa kuwemo. NNT ya 41 ya atesuneti kwa watoto ni kadirio la katikati. Wigo wa asilimia 95 wa upungufu halisi unaanzia takriban pointi 0.9 hadi 4.0, yaani NNT iko popote kati ya 25 na 112. Wigo wa tofauti ukigusa sifuri, NNT haina mpaka wa juu, na haifai kuandikwa kama namba moja ya uhakika.

La pili ni kuchukua uwiano wa odi kana kwamba ni uwiano wa hatari, yaani hatari ya kundi moja ikigawanywa kwa hatari ya jingine. Odi ni waliopatwa wakigawanywa kwa wasiopatwa, si kwa jumla ya watu. Tukio likiwa adimu, vipimo hivi viwili vinakaribiana na hakuna madhara. Likiwa la kawaida, vinaachana. Hatari ikishuka kutoka asilimia 40 hadi 20, uwiano wa hatari ni 0.5, lakini odi zimeshuka kutoka 0.667 hadi 0.25, uwiano wa 0.375. Anayesoma 0.375 kama "hatari imepungua kwa asilimia 62" ameongeza faida ambayo haipo.

La tatu limejificha zaidi: tukio la mchanganyiko, yaani matukio kadhaa yanayohesabiwa kama moja. Jaribio la E-MOTIVE, lililochapishwa 2023 kutoka hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, lilipima mpango wa kukamata mapema damu nyingi baada ya kujifungua. Damu ilikusanywa kwenye mfuko wenye alama za vipimo, kisha hatua za tiba zikafanywa zote kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine. Tukio lililohesabiwa lilikuwa moja kati ya matatu: kutokwa damu mililita 1,000 au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kifo kwa kutokwa damu. Lilitokea kwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3, NNT ya 38. Ni matokeo makubwa mno kwa akina mama, na vifaa vyake ni rahisi. Lakini 38 si idadi ya kuokoa uhai mmoja. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na kiasi cha damu, na kwa vifo vikitazamwa pekee tofauti haikuthibitika. Kabla ya kutaja NNT, taja tukio ambalo imezuia.

Ukiwa na ripoti mkononi, usianzie kwenye muhtasari. Nenda kwenye jedwali la matokeo, tafuta idadi ya matukio na idadi ya watu kwa kila kundi, gawanya mwenyewe, toa, kisha andika kando muda wa ufuatiliaji na masharti ya kuingizwa kwenye jaribio. Zikikosekana namba hizo nne na kubaki uwiano tu, huwezi kujua hatari halisi.

Mgonjwa naye asipewe NNT. Watu wengi huielewa kinyume, hata waliosoma. Mpe hesabu ya watu walio kama yeye, kundi moja kwa pande zote mbili, kipimo kimoja kwa faida na madhara. Kwa SPRINT ingekuwa hivi: "Kati ya watu 1,000 walio katika hali yako, kwa miaka mitatu na kidogo, tukitibu kwa lengo la kawaida watu 68 hupata tatizo kubwa la moyo au kiharusi. Tukilishusha shinikizo zaidi, 52. Yaani 16 wanaepuka, na 932 wasingepata hata hivyo. Figo kudhurika ghafla ni 25 kwa lengo la kawaida na 41 kwa lengo la chini. Tukichagua lengo la chini, tutapima figo zako mara kwa mara."