Kibuyu Kilichoitwa Hirizi

Kibuyu chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Shingoni kimevishwa shanga za buluu na nyeupe, kizibo chake ni cha mti, na ubavuni kimeandikwa namba kwa wino mweusi, kama mfungwa. Katika ghala nililoanzia kazi ya uhifadhi, kibandiko chake kilisomeka hivi: "Hirizi ya kichawi, Usukuma." Basi. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Magu kutusaidia kutambua vyombo vya zamani. Alikishika, akakinusa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu, hiki ni cha samli ya kumpaka mtoto mchanga. Uchawi gani tena?"

Nikaingia kwenye madaftari kumtafuta aliyeandika. Nilitegemea kumkuta Mzungu, na kweli nilimkuta, lakini yeye aliandika "hirizi" tu, kwa Kiingereza. Neno "kichawi" liliongezwa na Mtanzania mwenzetu aliyetafsiri daftari lile miaka mingi baada ya Uhuru. Hakuna aliyemtuma.

Ndiyo maana tunapozungumzia kuondoa ukoloni katika makumbusho, huwa nawaomba watu wasianze na rangi ya ngozi ya mhifadhi. Uzungu ninaousema hapa ni jicho: lile linaloona chombo cha Mwafrika ni cha ajabu, dini yake ni ushirikina, na fundi wake hana haja ya kutajwa jina. Jicho hilo mtu mweusi naye anaweza kuazimwa, akalitumia maisha yake yote.

Kule Ulaya lilikotoka, jicho hilo lilikuwa na vipimo vyake. Felix von Luschan, aliyesimamia mikusanyo ya Afrika katika makumbusho ya Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, alitengeneza vigae 36 vya kioo vyenye rangi tofauti. Kigae kiliwekwa kando ya ngozi ya mtu ili apewe namba yake. Alikusanya pia mafuvu kwa maelfu, ili yapimwe na kulinganishwa. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki. Mengi yalitoka Rwanda, na kama 200 hivi yalitoka Tanzania ya leo. Baadhi yalilinganishwa kwa vinasaba na watu wa Kilimanjaro, na ndugu walio hai wakapatikana. Miaka mia na ushee fuvu limekaa kabatini na namba, kumbe ni la babu wa mtu.

Huku kwetu Ziwa Victoria kisa ninachokirudia mara nyingi ni cha Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, ambaye masimulizi yanasema alitoka visiwa vya Ssese. Masalia na vifaa vyake vilichukuliwa na mmisionari John Roscoe, vikaishia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na vikarudishwa Uganda mwaka 1962, wakati wa Uhuru. Juni 2024 Cambridge ilipeleka Kampala vitu vingine 39. Wengi walishangilia, na mimi nilifurahi, mpaka nilipofika kwenye neno moja: mkopo. Unaazimwa kilicho chako, halafu unaombwa ukitunze vizuri! Wanasheria wana maelezo yao, nayo si ya kupuuzwa, ila bibi yako ukimweleza hayo atakuuliza kama umelala vizuri.

Bujora inanitatiza, na ndiyo maana naipenda. Ipo Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma pale yalianzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika lililoitwa Mapadre Weupe (weupe wa kanzu, si wa ngozi, ingawa sidhani kama wengi walisimama kutofautisha), yakafunguliwa mwaka 1968. Ndani kuna ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, ambao utawala wao ulifutwa baada ya Uhuru. Mzungu ndiye aliyechagua nini kiwekwe na nini kiachwe, na hilo linastahili kuulizwa bila kumung'unya maneno. Lakini ngoma hazikupanda meli. Mjukuu wa mtemi anayetaka kuiona ngoma ya babu yake anapanda daladala, haombi viza. Kila mwaka sikukuu ya Bulabo inapofika, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma, wanashindana kucheza pale pale, na hubishana wao wenyewe nani kacheza vizuri.

Ukiwa mjini Mwanza, tazama pia majina. Lile jiwe la ziwani karibu na kivuko cha Kamanga tunaliita la Bismarck, kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika hapa Agosti 1858, hakumaliza hata wiki, ziwa likapata jina la malkia wake na ghuba ikabaki na lake yeye. Waluo walikuwa na Nam Lolwe, Waganda walikuwa na Nalubaale. Sina haraka ya kufuta majina kwenye ramani. Ninachotaka ni mwanafunzi anayepiga picha na lile jiwe aweze kusema huyo Bismarck alikuwa nani na alitaka nini kwetu.

Kwa hiyo ukiingia makumbusho yoyote, soma kibandiko kama unavyosoma mkataba. Kinataja fundi, au kinamtaja aliyechukua tu? Kinasema kilinunuliwa, kilitolewa, au kilinyang'anywa? Jina la kitu liko kwa lugha ya wenyewe? Ukikuta kosa, mwite mhudumu umwambie. Tunahitaji sana watu kama yule mama.

Kibuyu sasa kina kibandiko kipya chenye maneno ya mama huyo, na kile cha zamani tumekiacha pembeni, wageni waone vyote viwili. Tulimwalika aje kukiona. Alikitazama kwa muda mrefu, nikadhani kaguswa.

"Maneno yako sawa," akasema. "Ila kizibo mmekigeuza, baba. Huko juu ndiko chini."